Nilivyotia Nanga Boti ya Baba Mkwe

Aibu hii nimekaa nayo tangu mwaka jana, na hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimemweleza mtu mmoja tu (naye alicheka mpaka akakaa chini), kwa hiyo na nyie mkicheka nitaelewa, ila msinikatize.

Kisa chenyewe ni Tumaini. Namtaka Tumaini, Tumaini ananitaka, barua ya posa ilishafika kwao Igowole, Mufindi, ila baba yake, mzee aliyefanya biashara ya mbao maisha yake yote, akasema hajibu barua ya mtu asiyemjua. Sasa huyu mzee alipostaafu alipatwa na jambo ambalo Mufindi nzima mpaka leo haijalielewa: alinunua boti ya tanga, ile yenye chumba cha kulala ndani, akaiweka pwani huko Kilwa. Akanipigia simu, "Boti unazijua?" Nikajibu nazijua sana baba, nimekulia Matema. (Matema nilikaa likizo mbili kwa shangazi. Kule Ziwa Nyasa ukiacha mtumbwi asubuhi, jioni unayakuta maji palepale ulipoyaacha.)

Basi tukatoka mimi na yeye tu, tukaingia bandari ya kisiwa kimoja saa sita mchana, mzee mgongo unamuuma, akasema, "Mwanangu, tia nanga, halafu chukua kiboti cha mpira ukatutafutie samaki. Mimi najinyoosha kidogo." Akashuka chumbani. Nikashusha nanga, ikagusa chini mapema tu, maji hayakufika hata mita tatu, kamba ikabaki rundo zima. Hapo ndipo nilipojiharibia. Niliziangalia boti za watu zilizokuwa jirani nikamkumbuka ng'ombe: kwetu ukimfunga karibu na mahindi ya mtu unamfupishia kamba asiyafikie. Nikaivuta ile kamba ikawa fupi kabisa, nikapiga mafundo matatu. Nilitaka kuuliza kama inatosha, lakini ningeingiaje chumba alicholala baba mkwe? Haiwezekani. Nikanyata, nikaondoka.

Ufukweni kulikuwa na mama anakaanga samaki. Nikaagiza, tukapiga stori, nikala wangu palepale (ndiyo, nilikula kabla ya mkwe), nikashushia na chai, saa zikaenda. Kugeuka, kiboti nilichokivuta mchangani kinaelea. Nikakivuta juu nikidhani kuna mtu amekichezea. Baada ya muda kinaelea tena! Halafu kulikuwa na mawe meusi makubwa niliyoyapita wakati nakuja, sasa hayapo. Nikaanza kuhisi labda nimepotea, nimekaa ufukwe siyo.

"Mama, yale mawe ya pale mmeyapeleka wapi?"

Akaniangalia kwa huruma. "Kwani kwenu wapi, baba?"

"Mbeya."

"Aaa," akasema, akageuza samaki wake.

Ndipo nikaona boti ya mzee inaondoka. Tanga limeshushwa, injini imezimwa, inapita taratibu katikati ya boti za watu inaelekea nje. Kichwa changu kikagoma. Mimi nimeishi Mwanjelwa, kitu chako kikiondoka bila wewe neno ni moja tu. "Mwiziii! Mwizi wa boti!"

Jamani, watu walitoka! Boti mbili za injini zikaikimbilia, wanaume wakarukia ndani, na mimi huku narukaruka, "Mshikeni huyo, asikimbie!" Mara wanarudi wanaivuta, mmoja anapaza sauti, "Tumemkamata! Alijificha kitandani!"

Katikati yao, ameshikwa mikono yote miwili, yuko na bukta na singlendi, alikuwa baba mkwe.

Badala ya kusema mwacheni, nilipiga goti majini nikamwamkia kwa kile Kihehe cha kwao nilichokikariri wiki nzima: "Kamwene, baba!" Aliyemshika akaniuliza, "Kumbe mwizi ni baba yako?" Hapo ufukwe mzima ukacheka mpaka nikatamani yale maji yanifunike.

Mvuvi mmoja akaivuta kamba, nanga ikatokea inaning'inia. "Nani kafunga hivi? Hapa maji yakijaa yanapanda urefu wa watu wawili, nanga imeachia chini, upepo ukaibeba boti." Kumbe bahari inaondoka na kurudi, kila siku, na wote pale walijua isipokuwa mimi.

Mzee hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Alivaa shati, akawashukuru wale watu, akala samaki wake wakiwa wamepoa. Nikamwambia, "Baba, nisamehe, kamba niliifunga fupi."

"Kamba siyo kitu, hata mimi mwanzoni nilikosea. Ila nimewauliza wale vijana ulipiga kelele gani. Ulisema boti. Hukusema kuna mtu ndani."

Nilichanganyikiwa, ni kweli, lakini katika yote yaliyonipita kichwani siku ile, yeye hakuwemo, na hilo linaniuma kuliko kicheko cha ufukwe mzima.

Barua bado anayo, hajajibu. Tumaini anasema nisubiri. Nanga sishiki tena maishani, na siku hizi pikipiki ikianguka barabarani, hata kama ilikuwa imeegeshwa tu, mimi ndiye wa kwanza kukimbia nikiuliza, "Kuna mtu?" Watu wananicheka. Wacha wacheke, nauliza hivyohivyo.