Jointi Nyekundu na Gauni la Mama Mkwe

Niseme mapema ili aibu ipungue: mimi ndiye yule mwalimu aliyemfuata mama mkwe wake unyounyo ndani ya kanisa, katika mstari wa kina mama, mbele ya usharika mzima, siku ya mavuno. Kama ulikuwepo ulicheka, na sikulaumu. Kama hukuwepo bila shaka ulisimuliwa, ila waliokusimulia hawakukwambia kwamba chanzo cha yote kilikuwa kibaraza changu cha mawe, na kibaraza kile, mtu aseme atakavyosema, ni kizuri.

Mama mkwe anaishi Makambako, anauza mbao si mbali na reli, na ubao haununui mpaka aupapase kwa kiganja chake mwenyewe. Siku tulipomaliza mambo ya mahari aliniangalia mikono kwa muda mrefu, kisha akamwambia dada yake, kwa sauti iliyokusudiwa inifikie, "Kijana ana adabu, lakini mikono hii laini mno, ni ya kushika chaki tu." Miaka sita imepita na maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Miaka sita hiyo hiyo hakuwahi kulala kwetu Njombe, mara wateja, mara mzigo umefika, kwa hiyo mke wangu, Mama Amani, aliponiambia kwamba mama yake anakuja Sikukuu ya Mavuno na atalala siku mbili, nikajua wakati wangu umefika.

Mawe ya kibaraza aliyapanga fundi Chesko, mtu makini sana, akabakiza nafasi kati ya jiwe na jiwe, zile ambazo mafundi wanaziita jointi, na hapo ndipo nikamwambia kwamba hizo nitajaza mwenyewe (nilitaka mama mkwe akiuliza nani kafanya, nijibu bila kumung'unya maneno). Chesko alishauri niache rangi ya saruji ilivyo. Nikakataa, kwa sababu kijivu kinafanana na stendi ya mabasi, na nyeupe kwa matope ya Njombe ni kujitafutia kazi, lakini nyekundu ndiyo rangi ya udongo wetu wenyewe, tope likiingia nani ataliona? Mpaka leo nasema rangi nilichagua vizuri. Chesko naye akakubali, akanipa kipimo cha ile rangi ya unga, nyekundu ya sakafu za zamani.

"Mwalimu, vijiko vitatu kwa ndoo moja ya mchanganyiko, usizidishe," alisema. "Halafu jaza kipande kidogo pembeni, kiache kikauke, ndipo uone rangi yenyewe. Ikiwa mbichi inadanganya."

Alhamisi mchana nikachanganya, nikaweka vijiko vitatu, nikaona kitu hafifu kama chai ya wageni wasiotarajiwa. Nikaongeza kijiko kimoja. Kimoja tu, jamani, ndicho kilichoniponza, maana baada ya cha nne mkono ulishazoea, kikaja cha tano, cha sita, mwishowe nikakung'uta pakiti nzima (mimi, mwalimu wa hisabati, ninayefundisha uwiano darasa la sita na kuwakata watoto maksi wakikosea kipimo!). Kipande cha majaribio sikufanya, nilikiona cha waoga. Nikapiga magoti juu ya gunia, nikashindilia kwa mwiko, nikalainisha kila mstari kwa kipande cha bomba, nikafuta mawe kwa sponji, saruji ikanichubua vidole mpaka vikawasha, na nilipoinuka jioni mgongo umekufa ganzi, mistari ilikuwa imenyooka na myekundu kweli kweli. Mke wangu akaniita mara tatu.

"Baba Amani, ingia ndani ule. Kibaraza hakitakimbia."

Jumamosi mama mkwe akafika. Nikamsalimia, "Kamwene, Mama," nikiwa mbali kidogo, kwa sababu kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo, wala hazungumzi naye habari za mwili wala mavazi. Akaitikia, akasimama, akakiangalia kibaraza kutoka pembe hii hadi ile. Nikasubiri aulize nani kafanya. Akasema, "Hm," akaingia ndani. Siku nzima nikawa napitapita karibu naye nikisubiri swali, hata mikeka nikaikunja nikaificha stoo ili isizibe jointi zangu, swali halikuja.

Usiku ukungu ulishuka, asubuhi mawe yote yakawa na umande, na jua lilipotoka likayakausha mawe, jointi zikabaki na unyevu. Mke wangu alitangulia kanisani na Amani kwa sababu ya kwaya. Mama mkwe akatoka amevaa gauni jeupe, jipya, limepigwa pasi likanyooka, nami nikakimbilia kumletea kiti.

"Acha kiti, mkwe," akasema. "Nitaota jua hapahapa kwenye kibaraza chako."

Akakaa juu ya mawe. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikamwacha aote jua karibu nusu saa, na alipoinuka akatangulia njiani, ndipo nilipoona. Nyuma ya lile gauni, pale hasa alipokalia, kulikuwa na mistari myekundu imekatana, imenyooka, kama dirisha la vioo vinne. Upana wa kila mstari niliutambua, niliulainisha mwenyewe kwa bomba.

Sasa nimwambieje? Mtu mwingine angesema, "Mama, umechafuka," yakaisha. Mimi ni mkwe! Mahali penyewe hapatamkiki. Nikaamua kumziba mpaka nimpate mke wangu, nikabeba sinia la mahindi ya sadaka, nikamfuata nyuma yake karibu kabisa, akipunguza mwendo napunguza, akikwepa dimbwi nakwepa. Kanisani akakaa upande wa kina mama, nikapumua, nikasema angalau amekaa. Lakini kwaya ilikuwa mbele, mke wangu hakuniona nikimkonyeza (aliyeniona ni mama mmoja wa sauti ya kwanza, akanuna), na saa ya matoleo wakaitwa kina mama wageni watangulie. Mama mkwe akainuka. Miguu yangu nayo ikainuka, sikuituma.

Mzee wa kanisa akaniwahi njiani, akanong'ona, "Mwalimu, huu ni mstari wa kina mama."

"Najua, Mzee," nikamjibu, nikaendelea kutembea na sinia langu mpaka madhabahuni, minong'ono ikinisindikiza kulia na kushoto.

Ibada ilipoisha tukatoka nje kwenye mnada wa mavuno. Watu wamejaa, kabichi na kuku vimepangwa, na mama mkwe akageuka ghafla nusura tugongane.

"Baba Amani, una nini leo? Tangu asubuhi uko mgongoni kwangu!"

Mnadishaji akasimamisha mnada, kuku mkononi. Nikatoa neno moja tu: "Jointi."

"Jointi gani?"

"Za kibaraza, Mama. Ziko... huko nyuma."

Kila mtu akachungulia huko nyuma. Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena, hata kuku alipapatika. Mke wangu akaja mbio, akafungua kitenge chake, akamfunga mama yake kiunoni. Mama mkwe hakucheka. Akaniangalia, na swali nililolisubiri tangu Jumamosi likaja, pale pale, mbele ya usharika.

"Nani alijaza hizo jointi?"

"Fundi gani huyo?" mtu akadakia. "Mtaje tumkwepe!"

Nikamkumbuka Chesko. Yeye ni Mkatoliki, muda ule alikuwa misheni kwao, asingesikia. Jina lake lilifika mdomoni kabisa. Nikalimeza.

"Ni mimi, Mama. Fundi alipanga mawe. Jointi nilijaza mimi peke yangu, na rangi nilizidisha mimi."

Tuliporudi nyumbani mama mkwe akachuchumaa kibarazani, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kikatoka chekundu. Kisha akasema, "Onyesha mikono."

Nikainyoosha, nikiwa mbali vilevile. Kucha zilikuwa bado nyekundu, vidole vimechubuka, kiganja kimepasuka sehemu mbili. Akaiangalia kwa muda mrefu, kama siku ile ya mahari.

"Haya," akasema. "Sasa hiyo ni mikono."

Jointi zile nilizikwangua zote nikajaza upya, vijiko vitatu, kipande cha majaribio nikakisubiri siku nne, na sitaongeza tena kitu chochote kwa kukadiria kwa macho, hata chumvi kwenye mboga. Zimetoka rangi ya udongo wa Njombe hasa. Siku hizi mama mkwe anakuja mara kwa mara, kiti namletea na anakikataa. Anainama kwanza, anapitisha kidole kwenye jointi, anakiangalia, halafu anakaa.