Kizazi cha Bénite

Kahongya alitoka Kayna kwa miguu, mwaka wa pili wa vita, akiwa na watoto watatu. Alipofika kwetu Butembo alibaki na mmoja, Bénite, wa miaka mitatu. Nikampa chumba nyuma ya nyumba yangu. Aliishi kwa kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza. Kila aliposikia gari la askari alimfunika mtoto kwa beseni la sombe. Majirani walimcheka. Bénite alijifunza kukaa humo bila kukohoa.

Jumapili moja paroko alialika watu watatu wenye diplome kubwa waje kuzungumza ukumbini. Nilikwenda mimi, maana nilifika darasa la tano. Daktari alisema kitakachomaliza watu duniani ni ugonjwa utakaotoka porini. Profesa akamkatalia: ni mabomu ya mataifa makubwa. Wa tatu, mtu wa kilimo, akasema wote wamekosea, udongo ndio utakaochoka kwanza, ila wachache watabaki. Walibishana mpaka mashati yakalowa. Neno moja tu walilirudia wote: kizazi kiko hatarini.

Nililibeba hivyohivyo mpaka nyumbani.

“Mama Ésaïe, benye kusoma banasema nini?” Kahongya akaniuliza.

“Habasikilizane. Mais bote banasema kizazi inaweza kwisha.”

Kahongya akaacha kutwanga. Kwa wasomi kizazi ni watu watakaokuja. Kwa sisi wa kwenye bomba la maji, kizazi ni kile kilicho tumboni mwa mwanamke. Niliona amesikia hicho cha pili. Sikumsahihisha, kwa sababu hata mimi sikuwa na hakika.

“Donc ni ile sindano,” akasema. Wiki hiyo wauguzi walikuwa wakipita kuchanja watoto surua. “Banakuja kufunga kizazi ya batoto. Na miye niko na huyu mumoja tu!”

Walipopiga hodi, Bénite alikuwa chini ya beseni.

“Hapa hapana mutoto,” Kahongya akawajibu, akinitazama. Nikainamisha kichwa. Asubuhi ileile nilikuwa nimempeleka Ésaïe wangu akachanjwa. Niliogopa sindano, nikaogopa surua zaidi. Sikumwambia.

Surua ikaja mwezi wa saba. Macho ya Bénite yalifungwa na usaha, pumzi ikawa fupi. Tulimbeba kwa zamu mpaka kituo cha afya. Askari walikuwa wamekwisha kukipora, dawa hakuna.

“Alichanjwa?” muuguzi akauliza.

“Nilichunga kizazi yake,” Kahongya akajibu.

Muuguzi hakuelewa. Mimi nilielewa.

Tulimzika Ijumaa. Tangu siku hiyo Kahongya hatwangi tena. Beseni limelala kifudifudi uani, hakuna anayethubutu kuliinua. Jana aliniita kutoka mlangoni pake, bila hasira.

“Mama Ésaïe. Bale benye kusoma, bamekwisha kusikilizana?”

Ésaïe alikuwa akicheza karibu na lile beseni. Nikamwita aingie ndani.