Mafuta ya Gia Hayaguswi

Katika nyumba ile palikuwa na amri moja tu ambayo Mwalimu hakuitunga yeye: mafuta ya gia hayaguswi. Amri nyingine zote zilikuwa zake. Taa zizimwe mchana, viatu vipangwe mlangoni, mtu asijibu akiwa na chakula mdomoni. Na kusema kweli hakuna aliyezifuata. Hii ya mafuta ililetwa na shemeji yake, fundi magari ambaye kila mtu alimwita Spana, siku ile ile alipomuuzia gari.

"Giaboksi ya otomatiki ikizeeka imeshazoeana na mafuta yake," Spana alimwambia huku akilipapasa boneti. "Hii haijafunguliwa tangu kiwandani. Oili ya injini badilisha hata kila ukijisikia. Lakini ya gia, shemeji yangu, usiiguse. Ukiitoa, umeliua gari. Ikibidi kabisa, niite mimi."

Mafundi wengi husema hivyo, kwa hiyo Mwalimu hakuona ajabu. Tena huyu hakuwa fundi wa barabarani. Spana alikuwa kitinda mimba wa kwao mkewe. Mama yao alipofariki alikuwa bado ananyonya, na dada yake ndiye aliyembeba mgongoni. Mwalimu alipooa, alioa wawili kwa mpigo: mke, na kijana mwenye begi la nguo aliyelala sebuleni mpaka akaota ndevu. Ni Mwalimu aliyekaa naye mezani jioni kumfundisha kusoma bila kudonoadonoa. Ni Mwalimu huyo huyo aliyekwenda gereji ya mtaa wa pili kumwombea nafasi ya kujifunza kazi. Mtu wa namna hiyo akikwambia usiguse, huguswi na shaka.

Na gari lenyewe Mwalimu alilihitaji kama miguu. Naam, kama miguu hasa, maana wa kushoto ulipooza tangu utotoni, na klachi kwake ilikuwa hadithi ya watu wengine. Alipohamishiwa shule iliyoko ng'ambo ya milima, mkuu wa shule hiyo alimtengea chumba pale pale uani mwa shule, akae wiki nzima, arudi nyumbani mwisho wa juma. Basi la abiria lilikuwa linashusha watu mbali mno kwa mtu anayetembea kwa fimbo. Ama apate gari la otomatiki, ama akalale huko peke yake, mbali na mke na watoto. Alikuwa ameshaanza kukubali chumba. Mkewe ndiye aliyekataa katakata.

"Baba watoto, nunua gari la mdogo wangu," alisema. "Watu baki watakuuzia mbuzi kwenye gunia."

Basi akanunua. Na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Alfajiri anaondoka, jioni anarudi, anakuta watoto hawajalala, anawapigia kelele za viatu, hawamsikilizi, naye anafurahi. Ila siku za karibuni gari lilikuwa na tabia mpya. Asubuhi akiweka gia ya kwenda mbele, lilitulia kwanza kana kwamba linafikiria, kisha likashtuka na kuondoka kwa kishindo. Alimuuliza Spana, naye akacheka. "Gari la makamo hilo, shemeji. Linajinyoosha kwanza."

Mwalimu hakucheka. Alifungua simu yake akaanza kutazama video za mafundi wa nchi za mbali, wanaume wenye vitambi na mikono safi, wote wakisema neno moja: gia ikichelewa kushika, anza na mafuta. Alizitazama mpaka akawa anawasahihisha. Akanunua mafuta yanayotajwa kwenye kitabu cha gari, chujio jipya na gasketi yake, na Jumamosi akawapeleka watoto kwa jirani mwenye televisheni.

Mkewe alikuwa anaanika nguo alipomwona anatoa jeki.

"Unafanya nini?"

"Nabadilisha mafuta ya gia."

Shati lililokuwa mkononi mwake halikufika kwenye kamba. "Si tulikubaliana hayaguswi?"

"Alikubali Spana. Mimi nilinyamaza tu."

"Mgongo wako je? Na huo mguu? Ukibanwa huko chini nitakutoaje mimi?"

"Utanivuta kwa miguu. Mmoja mzito, mmoja mwepesi, utachagua."

Kwa kawaida mzaha wa mguu ulimchekesha hata akiwa amenuna. Leo aliingia ndani, akatoka na simu, akaingia tena. Mwalimu alimwonea huruma. Kumbe ananipenda hivi bado, alijisemea, miaka yote hii, na akapuliza mluzi akiingiza mawe nyuma ya magurudumu.

Alikwisha kulizungusha gari mtaani kidogo ili mafuta yapate joto yawe mepesi. Akaliinua kwa jeki, akaweka stendi pande zote, akalitikisa kwa bega kuhakikisha halichezi. Akalaza boksi lililofunguliwa chini, akajilaza juu yake na kujisukuma kwa mguu mzima. Chini ya gari aliweka beseni, akafungua bolti ya kumwagia.

Video zote zilisema mafuta yakiwa mapya ni mekundu, yakichoka ni kahawia. Kilichotoka hapa kilikuwa cheusi, kizito, kikishuka kwa uvivu kama uji uliolala, na harufu ya kuungua ilimfikia hata kabla hakijafika kwenye beseni. Mwalimu alikunja uso. Mafuta haya hayakuwa yale yaliyoandikwa kwenye kitabu, wala hayakupata kuwa ndugu yao.

Akaanza kufungua bolti za sampu, lile sinia la chuma linalofunika giaboksi kwa chini. Alitegemea zimng'ang'anie, maana bolti ambazo hazijaguswa tangu kiwandani huwa na kiburi. Hizi zilikuja kama zimeitwa. Sampu ilipoachia, aliona pembeni yake gundi ya silikoni ya bluu iliyopakwa kwa kidole, bado laini. Ndani, vile visumaku vidogo vinavyokamata vumbi la chuma vilikuwa vimeota manyoya meusi ya chuma kilichosagika. Hiyo aliielewa bila video yoyote. Giaboksi ilikuwa imejila yenyewe kwa muda mrefu, na kuna aliyeliona hilo akafunga kifuniko.

Alikuwa bado anamtafutia Spana utetezi. Labda naye aliuziwa hivyo hivyo. Labda mwenye gari wa kwanza ndiye mhuni. Mtu akipenda hujua kutafuta labda. Ndipo kidole chake kilipogusa kitu kilichobanwa kwenye silikoni, kipande cha kitambaa kilichochanika wakati mtu alipokuwa anapangusa ukingo. Akakivuta, akakifuta kwa petroli. Njano, yenye majani ya kijani.

Alitoka chini ya gari taratibu, akaokota fimbo yake, akaenda mpaka dirisha la jiko. Pazia lilikuwa limening'inia pale, la njano, lenye majani ya kijani. Mkewe alilishona mwenyewe msimu huu wa mvua, na alilalamika wiki nzima kwamba muuza vitambaa alimpunja. Gari wakati huo lilikuwa limeshakuwa lao siku nyingi. Giaboksi isiyofunguliwa tangu kiwandani ilikuwa imefunguliwa hapa hapa uani, na matambara yalitoka jikoni kwake.

Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa dirisha. Aliona kitambaa, akashusha macho.

"Lini?" Mwalimu aliuliza.

"Ile wiki ya semina yenu. Ulipopewa lifti na wenzako."

"Alikuja kufanya nini?"

Alitoka nje, akaketi kwenye kizingiti. "Alisema gia zitaanza kuteleza. Akatoa mafuta mepesi akaweka mazito, ili zile sahani za ndani zilizolika zipate kushikana kidogo. Alisema yatasukuma siku mbili tatu mpaka apate giaboksi nyingine ya kukubadilishia bila wewe kujua."

"Amepata?"

"Anatafuta."

"Anatafuta," Mwalimu alirudia. "Mpigie aje."

"Hashiki. Nampigia tangu ulipotoa jeki. Sasa hivi amezima kabisa."

Kwa hiyo ile simu ya kuingia na kutoka nayo haikuwa ya mgongo wake wala mguu wake. Aliona haya kwa ule mluzi aliopuliza. Ni aibu ndogo, lakini ilimchoma kuliko zile sahani zilizolika.

Watu wengine wangeacha kila kitu pale wakaenda kutafuta wa kumpiga. Mwalimu alirudi chini ya gari. Alikuwa mtu wa kumaliza hesabu hata akishaona kwamba jibu ni baya. Akasafisha sampu, akafuta visumaku mpaka vikang'aa, akaweka chujio jipya na gasketi yake, akakaza bolti kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, kama alivyofundishwa na wale wenye vitambi. Akapima kilichotoka, akamimina mafuta mekundu kiasi hicho hicho kwa faneli kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Mkewe alimshikia faneli. Mwalimu hakumwomba, wala hakumkataza. Mafuta kidogo yakamwagikia injini.

Walishusha gari pamoja, wakaondoa mawe nyuma ya magurudumu. Mwalimu akaingia, akawasha, akakanyaga breki, akapitisha mkono wa gia nafasi zote moja moja ili mafuta yazunguke. Akashuka, akapima injini ikiwa inaunguruma. Kiwango kilikaa sawasawa. Kama kazi hii ingekuwa ya darasani, angejipa alama zote.

Akarudi kwenye usukani. Akaweka gia ya nyuma, na gari likarudi nyuma kwa upole. Akaweka ya mbele, akaachia breki. Hakuna kitu. Akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye paa la jirani, na gari halikusogea hata unene wa kidole. Yale mazito ndiyo yaliyokuwa yamelishikilia. Yametoka, na sahani za gia ya mbele hazikuwa tena na kitu cha kushikia.

Alizima. Spana alikuwa amesema kweli kwa njia yake: ukiitoa, umeliua gari. Alijua anachosema kwa sababu alimuuzia maiti iliyovishwa suti.

Mkewe alikuja akasimama kwenye mlango wa dereva. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Tutatengeneza, baba watoto. Nitamshika mimi mwenyewe. Amelelewa humu, atalipa kwa jasho lake. Jumatatu atakupeleka kwa pikipiki."

"Nikuulize kitu kimoja," Mwalimu alisema. Alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta. "Kwamba giaboksi imekufa, alikwambia wiki ile ya semina, au kabla?"

"Kabla ya nini?"

"Kabla sijanunua."

Angeweza kudanganya. Mwalimu alitamani adanganye, na alimpa muda wa kutosha. Jirani alikuwa anachota maji, ndoo inajaa, wakasikia bomba likifungwa.

"Kabla," mkewe alisema.

Alikuwa amejiandaa kwa shemeji. Mtu hujiandaa kwa shemeji hata siku ya harusi. Kwa hili hakujiandaa, akauachia usukani.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeniambia nisinunue kwa watu baki."

"Nisikilize kwanza." Alichuchumaa, akashika kingo za mlango. "Usifikiri ni kwa ajili yake tu. Kweli alikuwa amekwama, na ni mtoto wangu yule, nimemlea. Lakini otomatiki nyingine tungeipata wapi? Ulikuwa umeshaanza kupanga nguo za kupeleka kule shule. Nilikuona. Nikasema hata likitembea mwaka mmoja, ni mwaka mmoja unalala hapa. Ningekwambia ukweli, ungechukua chumba."

"Pengine."

"Ungechukua. Nakujua."

"Basi ungenijua vizuri zaidi," Mwalimu alisema, na sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kila alfajiri nimepita milima ile, kona baada ya kona, korongo chini, nikiimba kama mwehu kwa kuwa jioni nitarudi kwenu. Wewe uko hapa jikoni unajua. Nikikwambia kwaheri, unajua. Nikikuuliza mbona limeshtuka leo, unaniambia niendeshe polepole. Umenifanya mtoto mdogo. Mmeketi wawili mkaniamulia, halafu mkanipikia chai."

"Nilikuwa nakuombea kila siku ufike."

"Ungeniambia tu. Ningeomba pia."

Alishuka. Mkewe alinyoosha mkono kumshika bega, kama alivyozoea mguu ulipokufa ganzi, naye akajitegemeza kwenye mlango wa gari badala yake. Akatoa simu mfukoni, akaacha alama za mafuta meusi kwenye kioo, akampigia mkuu wa shule. Aliiweka kwenye spika kwa makusudi, mkewe asije akasema hakusikia.

Mkuu alikuwa mchangamfu kama kawaida yake. Chumba kipo, alisema, hakijapewa mtu, na siku hizi kimeongezwa dirisha. Kama Mwalimu ameamua kuhamia na familia, wanaweza kumpa na kile cha pili, watavunja ukuta katikati.

Mkewe alisimama wima. Alimtazama Mwalimu usoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yalikuwa na tumaini.

"Hapana, mkuu," Mwalimu alisema. "Nakuja peke yangu."