Kompyuta ya Siri Kuu Iliyohamia Mapokezi

Wenzake walimwita Bi Nywila, yaani Bi Neno la Siri, wala hakukasirika. Alikuwa fundi wa mfumo wa kompyuta katika ofisi inayowaficha mashahidi waliotishiwa maisha. Kila faili mle lilikuwa na daraja: la kawaida, la siri, la siri kuu. Kompyuta nazo alizipa madaraja. Hata mkurugenzi, akitumia kompyuta isiyoaminika, faili la siri kuu halikumfungukia.

"Binti yangu, mimi si ndiye bosi?"

"Ndiye, mzee. Wewe nakuamini. Hiyo kompyuta yako ndiyo siiamini."

Mzee alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Ofisi ikapakwa rangi. Siku ya kurudi kazini, Bi Nywila alipita mapokezi kumjulia hali mdogo wake, ambaye ndiye mpokezi. Benchi lilikuwa limejaa wageni. Afisa mmoja alikuwa ameinamia kompyuta ya pale, kioo kikiwatazama wageni. Juu ya kioo, utepe mwekundu: SIRI KUU. Chini yake, picha ya mama mmoja na mtaa alikofichwa na wanawe.

Bi Nywila aliirukia ile kompyuta. Alipojitambua, waya wa umeme ulikuwa mkononi mwake, umeshachomolewa ukutani.

"Dada! Umepatwa na nini?"

"Hii mashine imefikaje hapa?"

"Wapaka rangi walizitoa zote nje. Kuzirudisha... si zinafanana?"

Afisa akajitetea. "Faili limenifungukia, nikajua ruksa."

Ni kweli, mfumo uliiamini mashine ile. Haukujua kwamba imehama chumba. Bi Nywila akageukia benchi. Pale mwisho palikuwa na nafasi.

"Nani alikaa hapa?"

"Kuna kaka mmoja," mdogo wake alinong'ona. "Katoka sasa hivi, hata shida yake hajasema."

Bi Nywila alipanda ngazi mbio hadi kwa mkurugenzi, akaingia bila hodi. Kabla ya adhuhuri yule mama na wanawe walikuwa wameshaondolewa, nguo zao zikiachwa mbichi kwenye kamba. Bi Nywila akaifutia kila mashine daraja lake, akaanza upya. Safari hii aliuagiza mfumo uitambue kila moja kwenye tundu lake la mtandao la ukutani tu, ili ikihamishwa ikataliwe.

Kesho yake mkurugenzi alimwita. Jirani wa yule mama alikuwa amepiga simu polisi: wanaume wawili walifika usiku, wakavunja mlango, wakakuta nyumba tupu.

Bi Nywila akaketi sakafuni, palepale mbele ya meza ya bosi, na mzee wa watu akatoka nyuma ya meza, akaketi kando yake.