Niliitwa Kikojozi, Nikamgeuzia Mume Wangu Mgongo

Kosa la wengi ni kudhani kwamba maji yanayomtoka mwanamke akiwa faragha na mumewe lazima yawe mkojo wa kushindwa kujizuia. Kosa hilo liliingia nyumbani kwangu, likakaa humo mpaka mume wangu akazikwa.

Nifichieni jina. Nina miaka tisini na kidogo, mwalimu mstaafu, naandika mwenyewe polepole. Miaka ile ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, niliolewa Lupiro, ng'ambo ya mto kutoka kwetu Ifakara. Mume wangu alikuwa mvuvi, mtu mpole mwenye masihara. Tulipendana. Raha ikinizidi, maji yalinitoka, mkeka ukalowa. Asubuhi niliuanika juani.

Kwetu mkeka wa kulalia ukianikwa kila mara, majirani hujua nyumba hiyo ina kikojozi. Nasi hatukuwa na mtoto wa kusingizia. Siku moja wifi yangu akaushika mkeka wangu, akacheka: "Wifi mwalimu, mwaka huu mto usipofurika, mpunga tutaupanda mkekani kwako!"

Mama mkwe hakucheka. "Kumbe mwanangu ameoa kikojozi," alisema.

Tangu siku hiyo, ikifika alasiri sinywi maji. Mume wangu akinigusa, nageukia ukutani. Alivumilia, kisha akauliza, "Mwalimu, umeolewa na mimi au na huo ukuta?" Nikavuta shuka, nikajifunika. Akaanza kuamini nina mwingine moyoni.

Nilivuka mto nikamwona mkunga wa zahanati, mama wa makamo, nikamweleza habari ya maji yale.

"Yananuka? Unaumia?"

"Hapana, mama."

"Ukikohoa au ukibeba ndoo, yanakutoka?"

"Hapana. Ni pale tu."

"Basi si ugonjwa, binti yangu. Wapo yanaowatoka, wapo yasiowatoka, na wote ni wazima. Kamwambie mumeo."

Baadaye nilisoma, nikaelewa zaidi. Kuna tezi ndogo kando ya njia ya mkojo; maji mengine hutoka huko, mengine kwenye kibofu, na huweza kuchanganyika. Si uchafu, wala si kipimo cha mapenzi. Lakini ukiona damu, harufu mbaya, maumivu, au mkojo unavuja wakati wowote, hasa baada ya kujifungua, nenda hospitali.

Yote hayo niliyajua. Sikumwambia. Kila nikifungua kinywa, nilisikia lile neno la mama mkwe. Tukazeeka, kila mmoja na mkeka wake.

Alipokuwa mgonjwa, karibu na mwisho, aliniuliza, "Mwalimu, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea," nikasema. Nikaishia hapo.

Wengine huomba ushauri kwenye ukurasa huu. Mimi nimechelewa, aliyestahili jibu hayupo. Wewe ambaye mumeo bado yuko hapo uani, weka simu chini, umwambie leo.