Puto na Tairi la Hamsini

Jina la utani lina tabia za kupe: likishaganda, unalala nalo na kuamka nalo. Fundi baiskeli huyu mama yake alimpa jina zuri tu, la heshima. Leo mama huyohuyo akipiga simu anauliza, "Puto, umekula?"

Ilikuwa hivi. Enzi hizo alikuwa fundi mpya, mjuaji kuliko baiskeli zenyewe. Mwalimu mmoja wa kwaya alitaka tairi pana la kupitia njia ya changarawe. Puto akachukua tairi nene kama mkono wa mpiga ngumi, akalivalisha kwenye rimu nyembamba ya baiskeli ya lami. Sasa, rimu ikiwa nyembamba, tairi pana halitulii. Linabanwa chini linatuna juu, kama mtu mnene aliyefungwa mkanda wa mtoto. Puto akaliona linayumba, akaongeza upepo. Likatuna. Akaongeza tena.

"Fundi," mwalimu wa kwaya akasema, "hilo mbona limeota kitambi?"

"Mzee, fundi ni nani hapa?"

Paa! Tairi likachomoka, na fundi akawa chini ya meza anapiga ukelele, "Mamaa, wameniua!"

Baraza hiyohiyo ilikuwa na msichana fundi cherehani. Alicheka mpaka akajichoma sindano. "Toka huko chini, Puto, hakuna aliyekufa." Imekwisha hiyo. Mtaa mzima ukadaka. Na kwa kuwa dunia haiishi vituko, msichana huyo ndiye aliyekuja kuolewa na Puto.

Toka siku ile Puto akawa mtu wa vipimo. Kwanza anapima upana wa rimu kwa ndani, ajue itabeba tairi gani bila kulifanya lilewe kwenye kona. Halafu anachomoa penseli sikioni na kuipitisha kati ya tairi na mabomba ya fremu, kushoto, kulia, na juu kwenye uma. Penseli isipopita, tairi halipandi, hata uje na machozi. "Nafasi hiyo si ya tairi," huwaambia wateja. "Ni ya matope."

"Puto, na mkeo ulimpima kwa penseli?"

"Yeye ndiye aliyenipima. Nilipita kwa taabu."

Mkewe alikuwa na baiskeli yake ya kijani, na Jumamosi zake. Kila Jumamosi alipanda njia ya changarawe kwenda kwa dada yake mkubwa, ng'ambo ya kilima. Wakae, wachambue dunia, wamfufue aliyestahili kufufuliwa na wamzike aliyestahili kuzikwa. Akirudi jioni, Puto anasimuliwa yote kwa sauti zote, hadi kikohozi cha jirani wa dada.

Kisha ikaja baridi yabisi. Ilianzia kwenye vifundo vya mikono. Ikala cherehani kwanza, maana mkono haukuweza tena kuongoza kitambaa. Ikala ndoo ya maji. Daktari akasema mitetemo haimfai.

"Baiskeli siachi," mkewe akasema walipotoka. "Cherehani nimempa, ndoo nimempa. Huyu ugonjwa ana njaa ya wapi?"

Puto hakubishana. Alikwenda karakana, akavua tairi za upana wa milimita thelathini na tano, akaweka za arobaini, akapunguza upepo. Tairi pana lenye upepo kidogo hulimeza jiwe kabla jiwe halijafika mkononi. Jumamosi ile mkewe alirudi anacheka. "Mume wangu, leo nimepita kwenye godoro!"

Godoro likadumu msimu mmoja. Maumivu yalipopanda, Puto akataka arobaini na tano, ila rimu ilikuwa nyembamba, naye asingerudia kituko cha kwaya kwa mkewe. Akasuka magurudumu upya, spoki moja moja, juu ya rimu pana. Penseli ikapita, japo kwa kuomba radhi. Hapo ndipo fremu ile ilipoishia. Alijua.

Siku moja dada mtu akampigia. "Shemeji, mwenzio siku hizi anafika kwangu anaikokota. Nusu ya njia anashuka. Kaniapisha nisikwambie, basi sijakwambia."

Puto akapiga hesabu. Wangekodi pikipiki? Walishajaribu, alirudi analia. Gari la jirani? Mkewe alisema hawezi kwenda umbea kwa msafara.

Akanunua tairi za hamsini.

Rimu ilizikubali. Uma wa mbele uliikubali ya kwake. Ya nyuma ikaingia imebana pumzi. Penseli ikagota. Akaigeuza, akajaribu upande mwingine, kama vile bomba lingemwonea huruma. Mteja angeambiwa, "Ondoa hilo, utavunja mtu." Lakini jua lilikuwa kali, njia kavu kama biskuti, na mkewe alikuwa mlangoni ameshavaa kofia.

"Iko tayari?"

"Iko tayari."

Alipanga kuzitoa kabla ya mvua. Wiki zile mkewe alikwenda na kurudi juu ya tandiko, hakukokota hata hatua. Alinenepa kwa habari. Puto akawa kila asubuhi anaangalia mawingu, anajiambia bado, bado, Jumamosi moja tu.

Mvua ikaja mapema, ikaja Jumamosi, ikaja mkewe akiwa kwa dada.

Puto alifunga karakana akakimbia. Alimkuta kwenye mteremko, amekaa ukingoni mwa njia, amelowa, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekabwa: udongo na kokoto vimejaa kati ya tairi na bomba, vimeshikana kama zege. Lilisimama ghafla, akaruka yeye.

"Usinitazame hivyo," mkewe akasema. "Wewe ndiye uliyempigia mama yako kelele chini ya meza, mimi sijalia."

Puto akapiga magoti kwenye tope. "Mke wangu, lile tairi halikuwa na nafasi. Nilijua."

"Na mimi nilijua."

Puto akamwangalia.

"Nilipitisha sindano ya cherehani, tangu siku ya kwanza. Ilipita ikikwaruza. Nimekaa baraza moja nawe miaka yote hiyo, sijui matope yanataka nafasi? Ningesema, ungelitoa. Nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Zilikuwa Jumamosi nzuri."

Mfupa wa mkono uliovunjika uliunga kwa kupinda, na vidole viwili havikurudi kufunga breki. Puto akasema atamweka kiti nyuma, ampeleke mwenyewe. "Mimi si gunia la mkaa," akajibiwa. Dada mtu magoti hayamruhusu kilima. Kwa simu wanaongea, Puto akimshikia, ila dada ni kiziwi nusu, na umbea wa kupigiwa kelele unasikika mtaa wa tatu.

Kwa hiyo siku hizi anayekwenda ni Puto. Alirudisha tairi za arobaini na tano, akainua tandiko. Anakaa kwa shemeji, anasikiliza, anarudi na habari. Na jamani, mtu huyu hajui kusimulia!

"Binti wa jirani amechumbiwa," anaripoti.

"Na nani? Alivaaje? Mama yake kanuna?"

"Sikuangalia."

"Unaniletea umbea kama taarifa ya habari!" Anacheka. Halafu anageuza uso dirishani, kuelekea kilima, na Puto anajishughulisha na viatu vyake. Jumamosi iliyopita hakuuliza swali hata moja. Alisinzia kabla Puto hajafika kwenye kikohozi cha jirani, na Puto akaendelea kusimulia kwa sauti ya chini mpaka habari zikaisha.

Sasa ndugu msomaji, mama huyu simu hawezi kuishika, ila Puto humsomea maoni, na habari za shemeji peke yake hazimtoshi. Na wewe uliwahi kumlazimishia mtu wako kitu kisicho na nafasi kwa kuwa ulimpenda? Andika hapo chini. Andika na alivaaje, na nani alinuna.