Sanduku Juu ya Meza ya Karangwa

Hadi siku anaondoka, Illuminée hakuacha kuchomeka kalamu ya risasi kwenye kilemba chake. Wino hakuuamini. Barafu ya sanduku la kusafirishia damu ikiyeyuka, alisema, wino unakimbia na jina la mtu, na damu isiyo na jina ni uchafu tu. Ofisi ilitaka wino. Yeye aliandika kwa risasi, mbele ya mkubwa wake, bila kujificha.

Denyse, muuguzi aliyekulia Ngara na kurudi Rwanda baada ya vita, alimkuta katika maabara ya kituo chao cha afya pale Gisenyi: chumba kimoja, darubini moja dirishani, na kioo cha kunasa jua umeme ukikatika. Illuminée alikuwa amerudi kutoka Masisi, upande wa Kongo, na watoto wawili na diploma iliyokunjwa mara nne. Mchana alipima malaria na minyoo. Jioni alikaa na majirani kuzunguka mtungi wa bia ya mtama, mirija miwili ikipita kinywa hadi kinywa.

Mwaka 1999 zikaja habari kutoka kaskazini ya Kongo: wachimba dhahabu wanakufa kwa homa ya Marburg, wakivuja damu. Amri ikatoka kwamba kila mwenye homa na anayevuja damu atolewe taarifa, na damu yake ipelekwe Kigali kupimwa. Wiki ya tatu akaletwa Saidati, mama mchukuzi wa maharage pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Kongo, macho mekundu, fizi zikitoka damu.

Illuminée alivaa glovu mbili mbili na aproni ya mpira, akatoa damu. Kichupa alikiviringisha kwa pamba, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalizungushia plasta, kisha akaliweka ndani ya sanduku la barafu iliyonunuliwa kwa Vénantie, muuza samaki. Ilibaki saini ya Karangwa, mkuu wa kituo, kwenye barua ambayo Illuminée alikuwa ameandika jina la Saidati kwa risasi, ili gari liondoke.

Karangwa akakataa.

"Illuminée, we unatafuta nini? Hii damu ikifika Kigali, kesho barrière inafungwa. Watu watakula mawe?"

"Mi sina ufunguo ya barrière, chef. Niko na damu ya mutu."

"Ni malaria hiyo."

"Malaria nilipima. Haiko."

"Bon, tungojee. Akipona, basi. Akikufa, tunazika."

Denyse, aliyesimama mlangoni, alimwona Illuminée akiinua sanduku kwa mikono miwili na kulitua juu ya meza ya mkuu, kati ya mhuri na kikombe cha chai.

"Donc ikae hapa. We ndiye mukubwa, utailinda."

Karangwa alirudi nyuma hadi kiti kikaanguka. Alisaini akiwa wima, mkono ameunyoosha mbali kama anayemlisha mbwa mkali.

Majibu yalichukua karibu mwezi. Saidati alipata nafuu siku ya kumi na mbili, lakini wenzake mpakani hawakumruhusu kugusa mzigo. Angoje karatasi ya majibu, walisema. Kwenye mtungi, jirani Habineza aliuchomoa mrija mara tu Illuminée alipoketi, akaenda nao nyumbani. Wanawake wa bombani wakambatiza Mama Marburg.

"Ndiye mimi," alijibu, na kwa kuwa wote walimpisha, akatanguliza ndoo yake.

Karatasi ikafika, na ile barua imerudishwa pamoja nayo. Barua ya Karangwa ilikuwa imelowa njiani, saini yake imebaki doa la buluu. Jina la Saidati, la risasi, lilisomeka lote. Virusi havikuonekana.

"Unaona? Umetutisha bure," alisema Karangwa.

"Bure wapi? Ule mama leo atabeba maharage yake. Bila hii karatasi angebeba nini?"

Wiki mbili baadaye Illuminée akahamishiwa zahanati ya Mudende, huko juu kwenye viazi na ng'ombe, pasipo na darubini. Denyse alimsindikiza hadi kwenye gari la viazi.

"Dada, muombe msamaha mkuu. Labda atakubakiza."

Illuminée alicheka, akapanda juu ya magunia matupu, kalamu kilembani. Denyse hakumwona tena baada ya siku ile, na kwa miaka mingi alijilaumu kwa neno hilo la msamaha. Gari lilipoanza kutembea, Illuminée aliinama, akapaza sauti kuushinda mngurumo:

"Denyse! Barafu chukua kwa Vénantie, ya wengine inayeyuka mbio. Na chef akikatala kusaini, we weka sanduku juu ya meza!"